Cessna ya Mtumba: Jinsi ya Kuinunua na Kuifufua

Watu wanaokuja kwangu pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, kuulizia ndege ya mtumba huwa wameshaipenda kabla hawajaigusa. Wana picha kwenye simu: rangi mpya, viti vya ngozi, skrini mbili kwenye dashibodi. Wananiuliza, "Fundi, bei hii ni ya haki?" Mimi huuliza iliruka lini mara ya mwisho. Hapo simu hurudi mfukoni, maana tangazo halikusema.

Rangi hununuliwa. Redio hununuliwa. Hata injini hununuliwa, ukiwa na pesa na subira. Visivyonunuliwa ni bodi iliyoliwa na kutu na karatasi zilizopotea. Na ndege huliwa na kutu ikiwa imelala. Kwa hiyo ukiniwekea mbele ndege yenye sura mbaya inayoruka kila wiki, na nyingine maridadi iliyofunikwa turubai miaka minne, nitachukua ile yenye sura mbaya bila kusita.

Nitazungumzia zaidi Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, kwa sababu ndiyo ninayoifungua na kuifunga kila siku, na ndiyo ambayo mtu wa kwetu anaweza kuinunua na bado akabaki na nauli ya matatu.

Ipi ya kutafuta

172 ilianza kuuzwa 1956, na hakuna ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda, zimepita 44,000. Kiwanda kilisimama 1986, kikaanza tena 1996, kwa hiyo ile utakayoimudu huenda ilizaliwa miaka ya 1970. Umri wenyewe usikutishe. Spea zake zipo, vitabu vyake vipo, na mafundi wanaoijua wapo kuanzia Wilson hadi Dar es Salaam na Kajjansi kule Uganda.

Herufi inayofuata namba ndiyo ya kutazama. 172M, ya 1973 hadi 1976, ina injini ya kiwanda cha Lycoming, O-320-E2D, yenye nguvu za farasi 150. 172N, ya 1977 hadi 1980, ina O-320-H2AD ya farasi 160. 172P, ya 1981 hadi 1986, ina O-320-D2J, nayo pia ya farasi 160. Mimi napenda P kwanza, kisha M. Ile N ina injini iliyojipatia sifa mbaya: magneto zake mbili, zile zinazotoa cheche za plagi, zimefungwa ndani ya nyumba moja na kuzungushwa na shafti moja, na kamshafti na tapeti zake, vyuma vinavyofungua valvu, zilikuwa zikimomonyoka mapema mpaka Lycoming wakaagiza dawa ya kuchanganya kwenye oili, LW-16702. Sikuambii uikimbie. H2AD inayoruka mara kwa mara na kutiwa dawa yake hufika mbali. Iliyolala ndiyo sitaki hata kuisikia.

Wapenzi wa Piper PA-28, ndege yenye bawa la chini, nawaheshimu. Waulize wauzaji tu kama matundu ya boliti za mhimili wa bawa yamepimwa kufuata agizo la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba 2020-26-16, lililokuja baada ya bawa la Piper moja kukatika angani Daytona Beach, Florida, Aprili 2018. Kwa viwanja vyetu vya murram na nyasi, mimi bado nataka bawa likae juu, mbali na mawe na vichaka.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo matangazo ya Ulaya na Marekani hayaligusi. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wa jua kali, joto likifika nyuzi 27, ndege inahisi hewa ya futi zaidi ya 8,000. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Yaani robo ya farasi uliolipia wamebaki Mombasa. Piga hesabu ya uzito mapema: 172N inaruhusiwa kilo 1,043 zote pamoja. Ikiwa tupu ina kilo 660, na umejaza lita 151 za mafuta ya kutumika ambazo ni kilo 109 hivi, imebaki nafasi ya kilo 274. Hao ni watu wazima watatu na mabegi, si familia ya watu wanne na kreti za soda. Na hiyo ni ruhusa ya kitabu. Saa nane mchana pale Wilson mimi nisingeijaza hivyo.

Karatasi kabla ya bisibisi

Usianze kwa kuzunguka ndege. Omba meza, kiti na logibuku zote tatu, vitabu vya kumbukumbu za ndege: ya bodi, ya injini na ya propela. Tenga nusu siku. Muuzaji akikuambia vitabu viko kwa mtu fulani aliyesafiri, nawe safiri urudi nyumbani.

Soma tarehe kwanza. Saa za kuruka zinaongezeka kwa mwendo unaoeleweka, au kuna miaka miwili ambapo hakuna kitu? Penye pengo, uliza ndege ilikuwa wapi. "Ilikuwa Lamu, imefunikwa vizuri" ni jibu la kukuongezea wasiwasi. Kisha linganisha saa zilizoandikwa na zile zinazoonyeshwa na mita kwenye dashibodi. Mita ikiwa imebadilishwa, lazima kuwe na maandishi yanayosema ilibadilishwa ikiwa na saa ngapi.

Tafuta dalili za ajali zilizoandikwa kwa lugha ya upole. Hakuna anayeandika "rubani alitua kwa pua". Utaona propela imebadilishwa kabla ya wakati wake, bati la bawa limefungwa jipya, mguu wa mbele umetengenezwa, vyote katika mwezi mmoja. Propela ikigonga chini, Lycoming na FAA wanataka injini ifunguliwe na gia ya krankshafti, shafti kuu ya injini, ikaguliwe. Ni agizo namba 2004-10-14. Ukiona propela mpya na huoni ukaguzi huo, umeshika kamba nzuri ya kuvutia bei chini, au sababu nzuri ya kuondoka.

Omba orodha ya maagizo ya lazima ya usalama, na dhidi ya kila agizo, tarehe na sahihi. Kuna moja ambalo nalisoma kwa sauti mbele ya kila mnunuzi: 2011-10-09, la reli za viti. Kiti cha rubani kwenye Cessna hushikwa na pini zinazoingia kwenye matundu ya reli. Matundu yakilika, pini huchomoka. Hebu fikiria: umeongeza nguvu, pua imeinuka, kiti kinarudi nyuma ghafla hadi mwisho wa reli, nawe umeshika usukani unajivuta nao. Pua inapanda, ndege inapoteza kasi karibu na ardhi. Watu wamekufa hivyo. Kupima reli kunahitaji tochi, kipimo kidogo na magoti yasiyouma.

Hakikisha namba ya kiwandani kwenye kibao cha chuma cha ndege ni ile ile iliyo kwenye cheti cha usajili na kwenye logibuku. Nenda KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, au TCAA ya Tanzania ikiwa namba ya usajili wa ndege inaanza na 5H, uulize kama kuna benki au mtu anayeidai. Kama iliwahi kuwa Marekani, namba yake ya zamani inayoanza na N itakufungulia mengi: rekodi za ajali za NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, zinasomwa bure mtandaoni, na jalada zima la ndege linanunuliwa kutoka ofisi ya FAA Oklahoma City, likiwa na kila muuzo na kila ukarabati mkubwa ulioripotiwa.

Kuinama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye ndege methali hiyo ni maelekezo ya kazi. Vaa nguo kuukuu. Beba tochi, kioo kidogo chenye mkono na kitambaa cheupe cha pamba. Mlete fundi wako wewe, umlipe wewe. Fundi anayeitunza ndege ya muuzaji ni shahidi mzuri, lakini hawezi kuwa hakimu.

Kutu ya alumini haina wekundu. Ni unga mweupe au wa kijivu, na mara nyingi unaanzia mahali mabati mawili yanapopandana, kando ya ribiti. Rangi ikivimba, ibonyeze kwa ukucha. Ukiona vimichirizi vyembamba vinavyotambaa chini ya rangi, ndege hiyo imeishi Pwani. Cessna nyingi za miaka hiyo hazikupakwa praima ndani ya bodi isipokuwa mnunuzi aliagiza, kwa hiyo nje panaweza kung'aa huku ndani panaliwa. Fungua vifuniko vya ukaguzi chini ya mabawa. Toa kapeti. Toa kile kibati cha nyuma ya mizigo uingize kichwa kwenye shingo ya mkia, na tochi mkononi. Kutu inayofutika kwa kitambaa na kuacha bati zima inatibika. Iliyochimba vishimo kwenye mhimili wa bawa, au pale mhimili unapopita juu ya kichwa cha rubani, inakuambia uchukue nauli yako uende.

Humo mkiani usishangae kukuta panya. Kiota chenyewe si shida, kinatolewa. Mkojo wake ndio hatari, maana unatoboa alumini. Nyigu nao hupenda kuziba kwa udongo ule mrija mwembamba wa kupimia kasi, pamoja na mipumuo ya matangi.

Kwenye pua, tazama fayawolo, lile bati linalotenga injini na chumba cha watu. Ndege za shule za urubani hutuliwa kwa pua na wanafunzi, na nguvu hiyo huishia hapo. Mikunjo kwenye bati, ribiti zilizolegea zenye moshi mweusi pembeni yake, ni ushahidi wa kutua kubaya. Lakini usidharau ndege ya shule kwa sababu tu ina saa nyingi. Inaruka kila siku, inakaguliwa kila saa 100, na oili yake haipati nafasi ya kulala. Fayawolo ikiwa nyoofu, mimi naipenda kuliko ya daktari aliyeinunua akastaafu.

Angalia chini ya mabawa kama kuna madoa ya buluu. Avgas 100LL, petroli ya ndege, imetiwa rangi ya buluu, ikivuja hukauka na kuacha alama. Kisha panda ngazi ukague vifuniko vya matangi. Jua letu hukausha mpira wa kifuniko, ukipasuka mvua ya masika huingia moja kwa moja kwenye mafuta. Kumimina kidogo kwenye kikombe cha kupimia kutakuonyesha maji yaliyokaa chini, lakini usiridhike kwa kikombe kimoja; tikisa bawa, subiri, mimina tena.

Propela iliyofanya kazi kwenye viwanja vya murram ina meno. Meno madogo kwenye ukingo wa mbele hupigwa tupa na fundi yakaisha, mradi upana usishuke chini ya kipimo cha kiwanda. Ukingo wa mbele wa bawa la mkia nao hupigwa na mawe hayo hayo.

Mwisho wa bodi, nyaya za kuongozea. Funga kitambaa cha pamba kwenye waya na kukivuta polepole kwa urefu wote unaofikika. Uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, utanasa kitambaa. Usitumie vidole vitupu, utavuja damu bila faida. Paleupale pulii inapogusa waya ndipo hukatika zaidi, hivyo msaidizi azungushe usukani ili sehemu iliyojificha ijitokeze.

Injini iliyolala

Niliwahi kumsindikiza mteja kwenye uwanja mmoja wa Pwani kutazama 172N nyeupe, safi, inapendeza.

"Bosi, injini hii bado mbichi," muuzaji akamwambia. "Saa mia tatu tu tangu ovahoo." Yaani tangu ilipofunguliwa yote na kufanywa upya.

"Ovahoo ilifanywa mwaka gani, mzee?" nikauliza.

"Elfu mbili na saba."

Mteja wangu alikuwa anatabasamu, hajaunganisha. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili na kupitisha kidole ndani ya shingo yake. Kilitoka na utando wa kahawia wenye matone ya maji. Hatukuhitaji kipimo kingine siku hiyo.

Lycoming wanasema O-320 iende ovahoo ikifika saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Watu hushika lile la kwanza wakasahau la pili. Kwenye injini hizi kamshafti iko juu, juu ya krankshafti. Ndege ikisimama, oili huteremka yote kwenye sampo, karai la chini ya injini, na nundu za kamshafti zinabaki tupu zikipumua hewa ya bahari. Kutu ndogo inaanza. Siku ile injini inawashwa, tapeti zinasugua kutu hiyo kama msasa, na chuma kinaanza kumeguka na kuzunguka kwenye oili. Huwezi kuona haya kwa nje. Injini itawaka vizuri, itavuta vizuri, na saa hamsini baadaye utakata filta ukute vipande vinavyometameta.

Wenye ndege hujitetea kwamba waliiwasha kila Jumamosi ikiwa imesimama pale pale. Hilo linaharibu zaidi. Kuunguruma chini kwa dakika kumi kunazalisha maji ndani ya injini bila kuyachemsha. Oili inahitaji kufika nyuzi 75 hivi za Selsiasi na kukaa hapo kwa muda wa saa nzima angani, angalau mara moja kila siku 30, ndipo unyevu utoke.

Kipimo cha kompresheni kifanywe injini ikiwa moto. Fundi anaingiza hewa ya pauni 80 kwenye silinda, geji ya pili inaonyesha pauni ngapi zimebaki. 75 kwa 80 ni furaha. Chini ya 60, silinda hiyo inataka kushushwa. Namba pekee haitoshi, tumia masikio. Hewa ikisikika inatoka kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi haikai sawa. Ikisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika ukitega sikio kwenye shingo ya oili, ni ringi. Msaidizi ashike propela kwa nguvu wakati huo na asimame nje ya mzunguko wake, maana hewa hiyo inaweza kuizungusha ghafla ikavunja mkono. Ukiweza, chungulia valvu kwa kamera ya kuingiza kwenye tundu la plagi: rangi za uso wake ziwe za duara, sawa pande zote. Upande mmoja ukiwa umebadilika peke yake, hapo ndipo moto unapopenya.

Kata filta ya oili mbele ya muuzaji. Fungua karatasi yake, ikamue, iangalie juani, kisha pitisha sumaku. Chuma kinachoshikwa na sumaku ndicho cha kuogopa zaidi.

Ovahoo ya injini hii inaweza kufika nusu ya bei ya ndege kuukuu, wakati mwingine ikapita. Ndiyo maana ndege ya bei ya kutupa yenye injini iliyolala ndiyo ghali kuliko zote uwanjani. Ukinunua, nunua ukijua, na bei ya injini iwe imeshatolewa kwenye bei ya ndege.

Ikiwa iko ng'ambo

Kabla hujatuma hata senti, chukua namba ya kiwandani na mwaka wa kutengenezwa, nenda KCAA uulize masharti ya kuisajili. Wakala wa forodha naye akupigie hesabu yake kwa maandishi. Muuzaji wa Marekani aifute kwenye daftari la FAA na akupatie cheti cha ustahili wa kuruka cha kusafirishia nje. Bila hivyo viwili, utakuwa na mapambo ya alumini bandarini.

172 inaingia kwenye kontena la futi 40 la kimo kirefu, lakini haiingii nzima. Mabawa yanatoka, hilo kila mtu anajua. Wanachosahau ni kwamba upana wa ndani wa kontena ni mita 2.35, wakati bawa la mkia lina mita 3.45 na magurudumu ya nyuma yamepanuka zaidi ya mita 2.5. Vyote vinatoka, na bodi inafungwa kwenye kigari cha mbao. Lipia fundi wa ndege aifungue na kuifunga, si wapakia makontena. Kila boliti iingie kwenye mfuko wenye jina, kila waya upigwe picha. Nimeshapokea ndege yenye boliti zote kwenye ndoo moja.

Kuifufua

Kazi yote isainiwe na injinia mwenye leseni ndani ya karakana iliyoidhinishwa. Wewe unaweza kuosha, kusugua, kutoa viti, kushika tochi na kujifunza, na mafundi wengi watakufurahia ukifanya hivyo kwa adabu.

Wenye ndege hutaka kuanza na rangi. Mimi huanza na vitu vinavyoua: mipira ya mafuta na ya oili, nyaya na pulii, breki, matairi, reli za viti, mikanda. Mpira wa mafuta una umri hata ukiwa haujatumika. Ukiukunja kidogo na ukapasuka, shukuru umepasuka mkononi mwako. Magneto zikifika saa 500 tangu zifunguliwe, zifunguliwe tena. Pampu ya vakuumu ya aina kavu, ile inayoendesha baadhi ya vipimo vya dashibodi, hufa bila kuaga, kwa hiyo ukikuta haina historia, weka mpya. Kama kile kitoa ishara za dharura bado ni cha masafa ya 121.5 pekee, kiondoe: setilaiti ziliacha kuisikiliza Februari 2009. Cha sasa ni cha 406.

Spea ziwe na karatasi: fomu ya FAA 8130-3 au Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya. Najua Kirinyaga Road kuna kila kitu, na najua alternata kwenye Cessna nyingi za miaka ya 70 ilitengenezwa na Ford, na najua utaiona pale ikikuangalia kwa bei ya mboga. Iache. Haina karatasi, na siku ya matatizo bima itauliza karatasi kwanza.

Rangi ije baadaye. Ya zamani itolewe kwa dawa ya kumenya. Asiguse mtu na grainda, kwa sababu uso wa bati una tabaka jembamba la alumini safi linaloikinga, na grainda inalifuta. Stilwuli ya kusugulia sufuria nayo ikae jikoni: inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, zinaota kutu na kuanza kula. Madirisha ni ya plastiki, yafunikwe kabisa, na yasafishwe kwa maji mengi na kiganja cha mkono. Dawa ya kioo yenye amonia inayapasua nyufa ndogondogo.

Baada ya rangi, eleroni za mabawa, eleveta ya mkia na usukani wa mkia, vile vibao vinavyochezacheza kuongoza ndege, vipimwe mizania upya kabla ya kurudishwa. Koti moja la ziada la rangi nyuma ya bawaba zake linatosha kuleta mtetemo unaoweza kuving'oa kwenye mwendo wa kasi. Kisha ndege nzima ipimwe uzito kwenye mizani, isikokotolewe kwenye karatasi. Ndege za umri huu zina waya za redio zilizokufa zamani, zimeachwa tu humo. Nimeshatoa rundo la kutosha kujaza gunia.

Viti mpe fundi wa viti vya magari ukipenda, wapo mahodari, lakini kitambaa kiwe na cheti cha kupimwa kwa moto. Redio na skrini nunua mwisho, kwa pesa iliyobaki. Kwa kawaida haibaki.

Na mahali pa kulaza ndege patafutwe wakati kazi inaendelea. Nafasi ndani ya hanga Wilson ni ya kugombania. Waulize watu wa Aero Club of East Africa, wapo hapo hapo tangu zamani na wanajua nani anahama. Ukienda Malindi au Diani wikendi, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi, hasa tumboni.

Kuirusha upya

Baada ya ovahoo, injini hutiwa oili ya madini tupu, kwa saa 50 za mwanzo au mpaka ulaji wa oili utulie. Isiungurumishwe chini muda mrefu. Ringi mpya hukaa kwenye silinda kwa kusukumwa na nguvu, si kwa kubembelezwa: zinataka asilimia 65 hadi 75 ya nguvu, na zikinyimwa, kuta za silinda hung'aa na injini itakula oili maisha yake yote.

Hapo ndipo Nairobi inapokuwa na kasoro. Ukitoka Wilson na kupanda futi mia chache juu ya ardhi, jua likiwa limeshawaka, 75 haipo tena hata ukisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Ninavyofanya ni hivi. Rubani mzoefu wa 172, peke yake, anaondoka alfajiri hewa ikiwa nzito, anabaki karibu na uwanja kwa muda wa saa moja kwa nguvu zote zinazopatikana, kisha anatua. Tunafungua kava zote na kutafuta mvujo kwa tochi, tunakaza kinachohitaji kukazwa. Safari inayofuata inafuata reli na barabara ya Mombasa, ambako ardhi inashuka mpaka Voi iko chini ya futi 2,000, na njiani kuna viwanja vya kukimbilia kama Makindu na Mtito Andei. Huko chini injini inapata hewa ya kutosha, na rubani anaweza kushika 75 kwa muda mrefu huku akiandika joto la silinda na la oili kila robo saa. Joto la silinda likishuka ghafla na kutulia, ringi zimeanza kukaa. Akirudi, oili inamwagwa ikiwa bado moto, filta inakatwa, na namba za joto alizoandika rubani zinaingia kwenye logibuku jioni hiyo hiyo.